Peke Yake au Kikundini: Somo la Michezo ya Mtandaoni kwa Maabara Zetu

Wahenga wetu hawakutuachia jibu moja juu ya kufanya kazi peke yako au pamoja na wenzako. Walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Na hao hao wakasema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Mwalimu anayewagawa wanafunzi wake katika vikundi kwa kuishika methali ya kwanza na kuisahau ya pili, hushangaa baadaye kuona chombo kinakwenda mrama. Makala haya yanakusudia kulichunguza swali hilo kwa kutazama jambo ambalo vijana wengi wanalijua kuliko walimu wao, nalo ni michezo ya kuigiza wahusika katika intaneti.

Kwa msomaji asiyeifahamu, michezo hiyo huendeshwa hivi. Mchezaji huchagua mhusika, mathalani askari mwenye ngao, mpiga upinde au mganga, kisha humwongoza katika nchi ya kubuni ambamo wamo maelfu ya wachezaji wengine wakati uleule. Kila kazi inayotimizwa humwongezea mhusika ujuzi, zana na cheo. Asili yake si ya jana. Mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex nchini Uingereza, Roy Trubshaw alianza kutunga mchezo wa namna hiyo uliokuwa wa maandishi matupu, na mwenzake Richard Bartle akauendeleza. Tangu wakati huo wachezaji wamekuwa wakikabiliwa na hiari ileile: kwenda porini peke yao, au kujiunga na kikundi.

Vijana wawili wa Pwani

Wakati wa likizo moja nilikaa na vijana wawili, watoto wa mama mkubwa na mama mdogo. Mmoja anaishi Maili Moja, Kibaha. Wa pili anaishi Kisarawe mjini. Wote wawili hucheza mchezo mmoja, lakini yule wa Kibaha hucheza kikundini, na yule wa Kisarawe hucheza peke yake. Mzee mmoja aliyekuwa nasi barazani alitoa hukumu papo hapo: "Huyu wa pili ni mbinafsi. Ndivyo walivyo vijana wa siku hizi."

Kijana hakumjibu mzee. Mzee alipoondoka, aliniambia, "Mwalimu, mimi nilikuwa kikundini. Nilikuwa mganga wao. Siku moja tumo katikati ya vita, umeme ukakatika, na kifurushi cha simu kilikuwa kimekwisha. Niliporudi nikakuta wenzangu wote walikufa, na mimi wamenifukuza. Tangu siku hiyo naenda peke yangu. Nikikatikiwa, hasara ni yangu tu."

Maneno hayo yanastahili kufikiriwa. Kijana hakuchagua upweke kwa kuwa hawapendi watu. Alipima gharama ya kujiunga na kikundi, akaiona ni kubwa kuliko faida yake. Tena uamuzi wake ulikuwa na staha ndani yake, kwani hakutaka wenzake wadhurike kwa sababu ya umeme usiotegemewa.

Ipo na gharama nyingine, ambayo haitokani na mtu yeyote bali na maumbile yenyewe. Mwanga husafiri ndani ya nyuzi za kioo kwa mwendo wa kilometa 200,000 hivi kwa sekunde. Ikiwa kompyuta inayoendesha mchezo iko Ulaya, umbali wa kilometa 10,000 kwa kufuata waya wa baharini, amri ya kijana huchukua sekunde 0.05 kufika, na jibu lake sekunde 0.05 kurudi. Hiyo ni sehemu moja ya kumi ya sekunde, kabla ya kuhesabu ucheleweshaji katika mitambo ya njiani na katika mnara wa simu. Mtu wa kawaida huitikia ishara ya mwanga kwa muda wa robo ya sekunde hivi. Kwa hiyo mganga wa Kisarawe, hata akiwa mwepesi sawa na mwenzake aliye karibu na kompyuta hiyo, daima ataonekana mzito. Akiwa peke yake, uzito huo humsumbua yeye. Akiwa kikundini, huitwa mzembe.

Kanuni za mchezo hutengeneza tabia

Je, ni gharama tu zinazoamua? La. Kanuni nazo zina nguvu kubwa. Mwaka 1999 ulitolewa nchini Marekani mchezo uitwao EverQuest. Watungaji wake waliupanga hivi kwamba, baada ya ngazi za mwanzo, wahusika wengi hawakuweza kusonga mbele kwa urahisi bila kikundi. Watu wakaunda vikundi. Mwaka 2004 ulitoka World of Warcraft, ambao ulimruhusu mchezaji kupanda hadi ngazi ya juu kabisa akiwa peke yake, huku mapango na vita vikubwa vikihitaji kikundi. Mwaka 2006 Nicolas Ducheneaut na wenzake walichapisha utafiti juu ya wachezaji wa mchezo huo, wakaonyesha kwamba kazi za pamoja hazikuwa nyingi kama ilivyodhaniwa, hasa katika ngazi za chini. Wengi walipenda kuwa mahali penye watu, waone na waonekane, pasipo kufanya kazi na watu hao. Hali hiyo si ngeni kwetu: ni kama mtu anayesuka ukili barazani huku wengine wakicheza bao. Hachezi, lakini asingependa kwenda kusukia chumbani.

Mfano wa tatu unafundisha zaidi. Mwaka 2014 watungaji wa mchezo wa RuneScape waliweka utaratibu wa hiari unaomkataza mchezaji kununua wala kupokea kitu kutoka kwa mwingine. Kila anachokitumia sharti akitafute mwenyewe. Walioingia katika utaratibu huo walijulikana kama watu wa chuma. Mwaka 2021, katika toleo la mchezo huo linalofuata mtindo wa zamani, ukaongezwa utaratibu wa watu wa chuma wa kikundi: watu wawili hadi watano wanaotegemeana wao kwa wao tu. Basi upweke na ushirika si koo mbili zilizoachana. Mtu yuleyule aweza kuutafuta mmoja leo na mwingine kesho, kulingana na jinsi mchezo ulivyopangwa.

Michezo yetu ya uani hushuhudia jambo hilohilo. Mtoto huweza kufanya mazoezi ya mdako akiwa na shimo lake na kokoto zake. Lakini hakuna kombolela ya mtu mmoja, kwa kuwa utamu wake wote umo katika yule aliyejificha vizuri anapochomoka na kuwakomboa wenzake waliokwisha kuonekana. Mtoto hageuki tabia anapotoka kwenye mdako na kuingia kwenye kombolela. Amebadili mchezo tu.

Mtu wa nane hakuongeza kitu

Sasa tugeukie darasani. Profesa wa uhandisi wa kilimo wa Ufaransa, Maximilien Ringelmann, alipima nguvu ya watu wanaovuta na kusukuma mizigo, na mwaka 1913 akachapisha matokeo yake. Tukichukua nguvu ya mtu mmoja aliye peke yake kuwa 100, watu wawili wakiwa pamoja kila mmoja hutoa 93. Watatu, kila mmoja 85. Saba, kila mmoja 56. Wanane, kila mmoja 49. Mwanafunzi na azidishe mwenyewe. Watu saba hutoa jumla ya 392. Watu wanane nao hutoa jumla ya 392. Mtu wa nane hakuongeza kitu! Yeyote aliyewahi kusukuma lori lililokwama kwenye tope hatashangaa.

Kwa nini iwe hivyo? Sababu ya kwanza ni kukosa kupatana kwa mwendo: huyu anavuta, yule anapumua. Sababu ya pili ni utegaji. Mwaka 1974 watafiti wa Marekani waliwafunga watu vitambaa machoni na kuwafanya waamini kwamba wanavuta kamba pamoja na wengine, kumbe wanavuta peke yao. Nguvu yao ilipungua vilevile. Lakini mwaka 1981 majaribio mengine, ya watu waliotakiwa kupiga kelele kwa nguvu zao zote, yalionyesha kwamba washiriki walipoamini kuwa mchango wa kila mmoja unapimwa peke yake hata akiwa kikundini, utegaji ulitoweka.

Hapo ndipo watungaji wa michezo walipotutangulia sisi walimu. Katika kikundi chao cha watu watano, mwenye ngao hupokea mapigo, mganga huponya, na wengine hushambulia. Mganga akisinzia, kila mtu ataona. Hakuna mtu wa nane wa Ringelmann, kwa kuwa kila kazi ina mwenyewe.

Linganisha na maabara zetu. Wanafunzi wanane huzunguka bureti moja kupima asidi na besi. Wawili wanafanya kazi, mmoja anaandika, watano wanatazama dirishani. Kisha mwalimu huandika katika taarifa yake kwamba somo lilifundishwa kwa vikundi. Hicho si kikundi, ni umati. Na siku ya mtihani wa vitendo, kila mwanafunzi atasimama mbele ya bureti peke yake, na mmoja kati ya wale watano atakuwa anaishika kwa mara ya kwanza.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, kikundi kisizidi watu wanne, na vifaa vikiwa haba, heri vikundi vipokezane kwa zamu kuliko kukusanyika. Pili, kila mmoja apewe kazi isiyofanywa na mwingine: wa kwanza asome bureti, wa pili atikise chupa na kuangalia rangi inapogeuka, wa tatu aandike, wa nne akague hesabu; kisha wabadilishane, na kila mmoja atie jina lake kwenye vipimo alivyovichukua mwenyewe. Tatu, kila mwanafunzi apewe pia zamu yake ya upweke, walau kipimo kimoja asichosaidiwa na mtu. Mwanafunzi asiyewahi kukosea peke yake hajui anachokijua.

Yatasemwa kwamba muda hautoshi. Ni kweli muda ni mfupi. Lakini saa mbili za umati ni ghali kuliko dakika ishirini za kikundi cha kweli. Wengine watasema kwamba mchezo hauwezi kumfundisha mwalimu. Nami sisemi wanafunzi wapelekwe kucheza, wala wajiunge ovyo na wasiowajua. Nasema tu kwamba watu waliotunga michezo hiyo walilazimika kujibu swali letu, kwa kuwa walipokosea wachezaji waliondoka. Wanafunzi wetu hawawezi kuondoka, ndiyo maana makosa yetu hudumu.

Wakazi wa Kibaha wanao mfano ulio karibu zaidi. Shirika la Elimu Kibaha lilitokana na mradi ulioanzishwa mwaka 1963 kwa ushirikiano na nchi za Nordiki, na kukabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1970. Ulikuwa na sehemu tatu: shule ya sekondari, kituo cha afya, na chuo cha wakulima. Ushirika wake ulikuwa katika kugawana kazi, kila sehemu ikiwa na jukumu ambalo nyingine haikuweza kulitimiza.

Kijana wa Kisarawe bado anacheza peke yake. Binamu yake wa Kibaha amemwahidi kuunda kikundi cha watu watatu wa Pwani, wanaoujua umeme wa Pwani, ambacho hakitamfukuza mganga wake kwa kukatikiwa. Nadhani atajiunga. Tabia yake ni ileile. Kilichobadilika ni masharti ya kikundi.

Basi mwalimu mwenzangu, utakapomwona mwanafunzi ameketi kando ya kikundi, usianze na tabia yake. Anza na kikundi ulichokiunda: je, kilimwachia kazi yoyote ya kufanya?