Moldi ya Siga Kwa Keja: Hii Hustle Ilishawahi Kula Watu Kitambo

Kama simu yako inakuletea vitu inaniletea mimi, basi hizi video umeshaziona. Jamaa ako kwa meza safi, ngoma ya polepole iko nyuma, anakunja majani ya tumbaku, anayafinyilia kwa kibox cha mashimo kumi, anafunga na vaisi. Akifungua, siga nono imetoka kama za mabuda wa sinema. Halafu maneno inakuja kwa skrini: jitengenezee kwako, uzia masonko, omoka.

Na sisi vile tumezoea kusaka doh, tayari unajua kuna msee ameshaanza kupiga hesabu ya kuagiza hiyo kibox.

Tuliza kwanza, tuanze na vifaa, juu hapo ndipo uongo iko ndogo. Ni kweli vifaa si vingi. Unahitaji ubao wa kufanyia kazi. Unahitaji chaveta, kile kisu cha Wakuba kimepinda na hakina mpini, kinakaa ndani ya kiganja. Kuna mkasi ama kikatio cha kunyoosha mwisho wa siga, gamu ya kupaka kidogo pale kichwani, na moldi yenyewe. Moldi ni vipande viwili vya mbao ama plastiki vinavyofungana, ndani vina mashimo yenye shepu ya siga. Unakunja majani ya katikati, unayafunga na jani la kuyashika, unaweka kwa shimo, unafinya kama nusu saa hivi, unazungusha, unafinya tena. Ukitoa ndio unavalisha lile jani la nje, la kupendeza. Hapo ndipo mikono ya mtu huonekana. Moldi inakupea shepu pekee. Ukijaza majani sana, siga haivutiki. Ukijaza kidogo, inawaka moto kama gazeti. Hiyo kibox haina habari na hayo yote.

Mbona hii story imepata joto saa hii? Bei. Mwaka wa 2022 Habanos, kampuni inayouza siga za Cuba dunia nzima, iliamua Cohiba ziuzwe bei moja kila mahali, na wakapima na bei ya Hong Kong. Kwa nchi nyingi bei ikaruka mara mbili na kupita. Mwaka huo huo, Septemba, kimbunga Ian kikapiga Pinar del Río, kule majani bora ya Cuba hutoka, kikaangusha maelfu ya vibanda vya kukaushia tumbaku. Wamarekani nao tangu 1962 wamewekewa marufuku ya bidhaa za Cuba. Kwa hivyo ukiona buda wa Marekani anajikunjia siga kwa gereji yake na majani ya Nicaragua ama Ecuador, yeye anaokoa pesa ya starehe yake. Hatafuti rent. Wewe ukiona hiyo video unaona biashara, na hapo ndipo mnaachana.

Sasa kuna sehemu ya hii story hakuna video itakuonyesha. Hii si mara ya kwanza moldi kuuziwa watu kama kazi ya nyumbani. Kabla yake, kukunja siga ilikuwa kazi ya fundi kamili. Ulijifunza miaka, ulijua kuchagua majani, kuyapima na kidole, kuyapa shepu na mkono mtupu, na tajiri alikuwa anakuheshimu juu hakuwa na mwingine. Karibu 1869 moldi zikaanza kuingia Marekani kutoka Ujerumani. Ghafla kazi ya fundi mmoja ikagawanywa. Mwingine anakunja ya ndani, moldi inatoa shepu, mwingine anavalisha jani la nje. Mtu ambaye hajawahi shika tumbaku angefunzwa haraka na alipwe kidogo.

Matajiri wa New York wakaona mlango. Wakanunua ama kukodisha maploti, wakajaza familia za wahamiaji, wengi kutoka Bohemia, wakawapea majani. Nyumba unayolala ndio kiwanda. Mama anakunja, baba anakunja, watoto wanachambua majani, wote wanalala kwa vumbi ya tumbaku. Malipo ni kwa kila siga elfu moja. Na landlord ndiye bosi, so ukileta fujo unakosa kazi na unakosa keja siku moja. Si kutisha tu, ilifanyika: kwa mgomo wa 1877, zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa siga walitoka, na waliokuwa kwa hizo ploti wakatupwa nje na vitu vyao. Mgomo ukashindwa.

Samuel Gompers, aliyekuja kuwa kiongozi mkubwa wa wafanyakazi Marekani, alikuwa mkunjaji siga kutoka utotoni, na alipigana hii vita. Jimbo la New York likapitisha sheria 1884 ya kukataza siga kutengenezwa kwa nyumba za kupanga. Mwaka uliofuata mahakama ikaitupa. Sababu? Ati serikali haiwezi kumzuia mtu kufanya kazi kwake nyumbani, hiyo ni kumnyang'anya uhuru. Soma hiyo polepole. Uhuru wa msee kukunja siga usiku kucha kwa chumba kimoja na watoto.

Kama umewahi kufanya hizi kazi za online, za kuandikia watu ama kupangia AI picha, ukilipwa kwa kila task, hiyo hesabu unaijua. Laptop ni yako, stima ni yako, kiti kinachokuvunja mgongo ni chako. Kazi yenyewe si yako. Moldi ilikuwa hivyo hivyo. Aliyekula hakuwa mwenye moldi. Alikula mwenye majani na mwenye soko.

So rudi hapa kwetu, uliza hiyo swali. Majani utatoa wapi? Usiniambie Kuria. Ni kweli Migori wanalima tumbaku, lakini ile nyingi ni ya fegi, inakaushwa na joto kwa vibanda, kuni zikiisha mlimani. Majani ya siga hukaushwa na hewa polepole, halafu huchachushwa miezi, mengine miaka. Ni mmea mmoja, lakini kazi tofauti kabisa. Na mkulima mwenyewe yuko kwa contract: kampuni inampea mbegu na mbolea kwa mkopo, inapanga gredi ya majani yake, inakata deni, inampea kinachobaki. Hata yeye mwenye shamba hashiki usukani.

Halafu serikali. Ukijikunjia yako moja, hiyo ni shida yako na mapafu yako. Ukianza kuuza, ni mchezo mwingine. Kutengeneza bidhaa za tumbaku za kuuza kunataka leseni ya KRA na stempu za ushuru, na siga hutozwa kwa kilo. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 inataka onyo la afya kwa paketi, haitaki uuzie mtu chini ya miaka 18, na inakataza matangazo. Kumaanisha ile post yako safi ya Instagram, yenye ngoma ya polepole, ndiyo ushahidi wa kwanza karao atabeba.

Na kuna hii imani ya mtaa ati siga ni poa kuliko fegi juu moshi hauingii ndani. Siga moja kubwa inaweza kubeba tumbaku sawa na paketi nzima ya fegi. Moshi wake nikotini inapita kwa ngozi ya mdomo hata usipovuta ndani, na kansa ya mdomo na ya koo haiulizi kama ulikuwa umevaa suti.

Ukitaka moldi kama hobby na uko na pesa ya kuchezea, sawa, wewe ni mtu mzima. Lakini akikuuzia kama biashara, muulize mwenye video swali moja: wewe unakula kutoka kwa siga ama kutoka kwa kuuza moldi?

By the way, kule Migori kuna wakulima walianza kutoka kwa tumbaku 2022, kwa project ya WHO, FAO na WFP. Wanapanda maharagwe. Hiyo haihitaji stempu.