TUJIFUNZE KIINGEREZA: Kulinganisha Vitu

Nilipoomba ukarani mara ya kwanza, niliandika katika barua yangu kwamba nitafanya kazi "more better" kuliko wengine. Barua ikarudishwa, maneno hayo mawili yamepigiwa mstari mwekundu, na kazi akapewa mtu mwingine. Wasomaji wapendwa, nisingependa jambo hilo liwapate.

Asili ya kosa ni mazoea ya lugha yetu. Katika Kiswahili neno la sifa halibadiliki tunapolinganisha: mlima huu ni mrefu, ule ni mrefu kuliko huu, na ule mwingine ni mrefu kuliko yote. Mwingereza hulibadili neno lenyewe. Neno la silabi moja huongezwa "-er" kwa kulinganisha viwili, na "-est" kwa kutenga kimoja katika vingi. Mlima Kenya, wenye mita 5,199, ni "high". Kilimanjaro, wenye mita 5,895, ni "higher than Mount Kenya". Everest, wenye mita 8,849, ni "the highest". Angalieni "than" na "the", msiziache.

Maneno kama "big" hurudia herufi ya mwisho: "bigger", "biggest". Katika "heavy", herufi y hugeuka i: "heavier", "heaviest". Maneno marefu hayaongezwi kitu mwishoni, bali hutanguliwa na "more" au "most": "more important", "the most important".

Maneno yaelezayo jinsi tendo litendwavyo, yakiishia "-ly", kwa kawaida hutaka "more": "more carefully". Lakini "fast", "hard" na "early" huwa "faster", "harder" na "earlier".

Yako pia maneno makaidi, nayo hayana budi kukaririwa: "good" na "well" huwa "better", "best"; "bad" huwa "worse", "worst"; "little" huwa "less", "least".

Basi kosa langu ladhihirika. "Better" ina "zaidi" ndani yake; kuitanguliza "more" ni kuvaa kofia mbili kwa kichwa kimoja. Shakespeare, aliyefariki mwaka 1616, aliweza kuandika hivyo. Kiingereza sanifu cha leo hakikubali.

Jaribio: sahihisheni sentensi hizi.
1. My maize is more taller than yours.
2. This is the most heavy bag of all.
3. She writes carefuller than her brother.

Majibu yatatolewa juma lijalo.