Bibi Hakuulizwa Anatumia Dawa Gani

Kumwandikia mzee kiuavijasumu, yaani dawa inayoua bakteria au kuwazuia wasizaliane, bila kumuuliza dawa nyingine anazotumia, ni uzembe, na safu hii haitauita kwa jina lingine hata foleni ya wagonjwa ifike barabarani. Figo za aliyevuka miaka 60 kwa kawaida hazichuji dawa kama zilivyochuja ujanani, na mara nyingi mwili huohuo umekwisha kubeba vidonge vya presha na vya sukari, kwa hivyo dozi inayomfaa kijana inaweza kumwangusha nyanya yake.

Wiki hii, katika duka moja la dawa la Biashara Street, bibi mmoja alifika na binti yake wakiwa na cheti cha kliniki kilichoandikwa siprofloksasini ya miligramu 500, kutwa mara mbili kwa siku 7. Binti alieleza kwamba mkojo ulikuwa na harufu na kijiti cha kupimia kilibadilika rangi. Homa mamake hakuwa nayo, wala hakusikia uchungu akienda haja ndogo. Bibi alipokuwa akitafuta pesa mkobani alitoa pakiti ya glibenklamidi, ambayo ni dawa ya kushusha sukari, akaiweka juu ya kaunta, na mhudumu akaisogeza kando ili apate nafasi ya kuhesabu chenji.

Bakteria kwenye mkojo bila dalili yoyote hupatikana kwa wanawake wengi wa umri huo, na kwa kawaida hali hiyo haihitaji tiba. Siprofloksasini ikikutana na glibenklamidi inaweza kushusha sukari ya damu hadi mgonjwa azirai. Tena, tangu 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani imeagiza onyo kali kwamba dawa za jamii ya siprofloksasini zinaweza kukata kano, yaani ukanda unaofunga msuli na mfupa, na kwamba hatari huzidi baada ya miaka 60.

Wasomaji wa safu hii wanajua kwamba haijawahi kuwa na subira na mteja anayeomba "dawa kali", lakini safari hii mteja hakuomba chochote. Cheti kilikuwapo na sheria ya Kenya ya dawa na sumu, Sura ya 244, iliheshimiwa. Katika mtaa huohuo muuza leso humkunjulia mnunuzi doti nzima, akamsomea jina lililoandikwa kwenye leso na kumuuliza leso ni ya harusi au ya nyumbani, ilhali dawa ambayo Shirika la Afya Duniani limeiweka katika kundi la kutumiwa kwa uangalizi ilikabidhiwa bila swali hata moja.

Usugu, yaani bakteria kuzoea dawa hadi zisiwadhuru, unawaumiza wazee hao kwanza: utafiti uliochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2024 ulionyesha kwamba vifo vinavyotokana nao kwa waliofikisha miaka 70 viliongezeka kwa zaidi ya asilimia 80 kati ya 1990 na 2021. Kuuliza ni kazi ya aliyeandika cheti na ya aliyekabidhi dawa, na bibi yule aliwalipa wote wawili.