Mshabiki asifichwe daftari la timu

Kuna jambo lililonikaa rohoni tangu wakati wa likizo. Jambo lenyewe ni haki ya mshabiki wa timu kuhoji usajili na mishahara. Mara nyingi nimesikia watu wazima wenye heshima zao wakisema kwamba kazi ya mshabiki ni kulipa kiingilio, kushangilia na kurudi nyumbani. Nani kasajiliwa, nani kauzwa na kwa kiasi gani, hayo wanasema ni ya uongozi. Mimi mwenyewe nilikuwa na msimamo huo, na nitaeleza hapa chini jinsi ulivyonitia aibu.

Kwanza niwapeleke wasomaji mbali kidogo, katika mji wa Oakland, jimbo la California, Marekani. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, anaishi huko miaka mingi, na ni yeye aliyenifundisha mambo ya mchezo wao wa besiboli. Ni mchezo wa mpira mdogo na gongo, wachezaji tisa kila upande. Kwetu si maarufu, ingawa mwaka 2017 Mwafrika wa kwanza kutoka bara hili, Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, aliingia katika ligi yao kuu akiwa na timu ya Pittsburgh. Ligi hiyo ina timu 30 na kila timu hucheza michezo 162 kwa msimu. Bingwa akishapatikana, baridi huingia na viwanja hufungwa mpaka Februari timu zinapoanza tena mazoezi.

Sasa, Ndugu Mhariri, miezi hiyo isiyo na mchezo ndiyo miezi ambayo mashabiki huzungumza kuliko yote. Wao huuita wakati wa jiko la moto, kwa sababu zamani watu walikaa dukani wakilizunguka jiko na kubishana nani auzwe na nani anunuliwe. Sisi tungesema kijiwe cha kahawa. Shemeji anasema utamkuta fundi bomba anayejua mshahara wa kila mchezaji, mkataba unaisha mwaka gani, na timu ikivuka kiwango kilichowekwa itatozwa kodi ya anasa kiasi gani. Nilipomsikia mara ya kwanza nilicheka. Nilimwambia kuwa hao watu hawana kazi za kufanya. Akanijibu, "Mwalimu, ngoja nikusimulie ya timu yetu."

Timu hiyo ni Athletics, ambayo ilihamia Oakland mwaka 1968 na ikatwaa ubingwa miaka ya 1972, 1973, 1974 na 1989. Haikuwa timu ya fedha nyingi, na mashabiki walilijua hilo wakalikubali. Mwaka 2002 mishahara ya wachezaji wake wote ilikuwa kama dola milioni 40, wakati timu ya Yankees ya New York ililipa zaidi ya milioni 125. Walikuwa wamempoteza mpigaji wao mkubwa, Jason Giambi, aliyechukuliwa na hao hao Yankees. Meneja wao mkuu, Billy Beane, akatafuta wachezaji ambao wengine waliwadharau, akiwapima kwa hesabu badala ya sura na sifa. Basi walishinda michezo 20 mfululizo, na mwisho wa msimu Oakland na Yankees kila moja ilikuwa imeshinda michezo 103. Ubingwa hawakuupata, lakini hakuna shabiki aliyelalamika kuwa timu ni maskini. Uongozi uliwaeleza hali ilivyo, nao wakaona jitihada kwa macho yao.

Ila unyonge una namna mbili. Kuna asiyekuwa nacho, na kuna anayesema hana.

Ili msomaji aelewe, nieleze utaratibu wao. Mchezaji mpya hufungwa na timu yake mpaka atimize miaka sita katika ligi kuu. Miaka mitatu hivi ya mwanzo hulipwa karibu na kima cha chini, ambacho mwaka 2023 kilikuwa dola 720,000. Hapo katikati anaweza kudai nyongeza mbele ya msuluhishi. Akitimiza sita yuko huru kwenda anakotaka. Kwa hiyo mwenye timu asiyetaka kulipa humtumia kijana wakati yu rahisi, na anapokaribia kuwa ghali humpeleka kwingine na kupokea watoto wengine wa bei ndogo. Mwaka 2022 Oakland iliwatoa Matt Olson na Matt Chapman kabla msimu haujaanza, na mwezi Desemba mwaka huo huo akafuata mdakaji wao, Sean Murphy. Msimu wa 2023 ulipoanza mishahara ya timu nzima ilikuwa kama dola milioni 57, ya chini kabisa katika ligi. Mwaka huo wachezaji wawili tu wa Mets ya New York, Max Scherzer na Justin Verlander, kila mmoja alikuwa na mshahara wa zaidi ya milioni 43. Oakland ilipoteza michezo 112.

Watu wakaacha kwenda uwanjani. Halafu kutokwenda kwao kukatumiwa kuwa ushahidi kwamba Oakland haina mashabiki na timu ihamie Las Vegas! Hivi kweli ni haki mtu akuuzie chai bila sukari wala majani, kisha akushtaki kwa majirani kuwa hupendi chai?

Mashabiki hawakupiga mawe. Walipanga siku, tarehe 13 Juni, 2023, wajae uwanjani kwa makusudi, ili watu wote waone kuwa wapo. Walikuja 27,759 siku ya Jumanne, wamevaa fulana za kijani zilizoandikwa neno moja la kumtaka mwenye timu, John Fisher, aiuze. Shemeji alikuwepo baada ya zamu yake ya kazi. Ananiambia kipindi cha tano kilipoanza uwanja mzima ulinyamaza kimya, kisha sauti zikapaa kwa pamoja zikimtaka auze. Timu ikashinda 2 kwa 1. Siku hiyo hiyo baraza la seneti la jimbo la Nevada lilikuwa likipitisha fedha za umma hadi dola milioni 380 za kusaidia uwanja mpya Las Vegas.

Hapo ndipo mimi kama mwalimu niliposimamisha masikio. Kumbe waliopinga fedha hizo kwa nguvu kule Nevada ni chama cha walimu cha jimbo hilo, ambacho kiliuliza kwa nini fedha za umma ziende kwa uwanja wa tajiri wakati shule zina upungufu. Walitaka suala lipigiwe kura na wananchi. Mwaka 2024 Mahakama Kuu ya Nevada ilikataa, kwa hoja kwamba maelezo ya ombi lao hayakuandikwa sawasawa. Nilisikitika. Nimefundisha insha miaka kumi na mmoja, na sikuwahi kufikiri kuwa insha isiyokamilika inaweza kugharimu dola milioni 380.

Wenye timu wote 30 walikubali Athletics ihame. Tarehe 26 Septemba, 2024 watu 46,889 walikwenda kuiaga, na msimu uliofuata ikaanza kucheza kwa muda karibu na mji wa Sacramento ikisubiri uwanja wa Las Vegas. Na sasa, Ndugu Mhariri, naomba wasomaji wasikilize vizuri. Timu haikukaa hata miezi mitatu tangu kuondoka ikamsajili Luis Severino kwa dola milioni 67, mkataba mkubwa kuliko wowote iliyokuwa imewahi kumhakikishia mchezaji mpaka wakati huo. Januari ikamwongezea mkataba Brent Rooker kwa milioni 60. Iliandikwa sana kuwa sababu mojawapo ni kwamba timu hiyo inapokea sehemu ya mapato ya timu tajiri, na kama ingeendelea kulipa mishahara duni chama cha wachezaji kingeweza kuishtaki. Basi kumbe uwezo ulikuwapo. Walioukosa ni wale waliokaa katika viti vibovu vya Oakland kwa miaka 57.

Mwenzangu mmoja hapa shuleni, nilipomsomea habari hizi, alisema tatizo ni tamaa ya wachezaji. Akanitajia Juan Soto, ambaye Desemba 2024 aliahidiwa na Mets dola milioni 765 kwa miaka 15. Nakubali kiasi hicho kinatia kizunguzungu. Lakini tazameni kasoro iliyopo. Mshahara wa mchezaji uko wazi kama nguo iliyoanikwa, kila mtu anaujua na kila mtu ana la kusema, kama vile hapa kijijini muuza duka anavyojua mshahara wangu umeingia kabla mimi mwenyewe sijajua. Daftari la mwenye timu, yaani anapata nini kwa televisheni, kwa viingilio, kwa mgao wa ligi, hilo limefungiwa kabatini. Timu ya Atlanta huonyesha hesabu zake kwa sababu hisa zake zinauzwa sokoni. Nyingi ya nyingine hazionyeshi. Matokeo yake shabiki humkasirikia yule ambaye hesabu yake inaonekana.

Na wachezaji hao hawakupewa uhuru wao bure. Curt Flood, mchezaji Mweusi wa St. Louis, aliambiwa mwaka 1969 kwamba amepelekwa Philadelphia, bila kuulizwa. Alikataa, akasema yeye si mali ya kununuliwa na kuuzwa. Akaenda mpaka Mahakama Kuu ya nchi yake na mwaka 1972 akashindwa kwa kura 5 kwa 3. Kazi yake ya kucheza ilikuwa imekwisha kabla ya hapo. Desemba 1975 tu ndipo msuluhishi alipowapa uhuru wachezaji wawili wengine, na huo utaratibu wa miaka sita ukafuata. Mtu anayesema wachezaji ni walafi amkumbuke yule aliyepanda mti na wengine wakala matunda.

Isidhaniwe kwamba nasema fedha nyingi ndiyo dawa. Hao Mets, pamoja na mishahara yao iliyopita ya timu zote mwaka 2023, walishinda michezo 75 na kupoteza 87. Shabiki anayepiga kelele kila siku "nunueni, nunueni" bila kujua kilichomo mfukoni naye anakosea, na hapa kwetu wakati wa dirisha la usajili tunao wengi wa namna hiyo. Ila atajuaje kilichomo mfukoni ikiwa mfuko haufunuliwi?

Sasa nije kwa aibu yangu. Mimi ni mweka hazina wa timu ya mpira wa miguu ya kijiji chetu. Miaka miwili iliyopita, baada ya mavuno, timu moja ya mjini ilimtaka golikipa wetu. Kamati tukakubaliana, wakatupa shilingi laki mbili na mipira miwili. Vijana wakanifuata gulioni kuniuliza tumepata nini. Niliwajibu kwa ukali wa darasani kwamba kucheza ni kwa wachezaji na fedha ni kwa kamati. Mzee mmoja akasema, "Mwalimu, huyo mtoto tumemlea sote." Sikumjibu.

Fedha ile haikuliwa. Tulinunua nyavu, tukalipa deni la gari lililotupeleka kwenye mashindano ya kata, na salio la shilingi 18,000 ninalo katika bahasha. Yote nimeyaandika kwa kalamu ya wino. Lakini sikuyasoma mbele ya mtu yeyote. Msimu uliofuata tulipopita nyumba kwa nyumba kuomba mchango wa shilingi mia tano mia tano, milango ilifungwa. Walionifungia si wachoyo, maana mwezi huo huo walichanga kwa ajili ya msiba mara mbili. Mechi ya ugenini tulienda kwa miguu, tukafungwa mabao manne, na aliyekuwa golini alikuwa beki.

Nilimwandikia shemeji habari hiyo. Aliuliza tu kama yule golikipa mwenyewe aliambiwa kauzwa kwa kiasi gani. Hakuambiwa.

Kwa hiyo naomba wahusika wa vyama vya michezo, kuanzia timu kubwa za ligi mpaka za vijiji, wafikirie kusoma mapato na matumizi mbele ya wanachama na mashabiki kila usajili unapokwisha, pamoja na fedha zilizotokana na wachezaji waliouzwa. Kwa upande wangu, timu yetu ina mkutano Jumamosi ijayo chini ya mwembe wa ofisi ya kijiji. Nitakwenda na daftari na ile bahasha. Golikipa nimemwandikia aje, na nauli yake nimetoa mfukoni mwangu.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kasulu, Kigoma.