Neno la Mhariri: Jaribio Lililoitangulia Nadharia Yake

Vitabu vingi vya fizikia ya kwanta vinavyotumika vyuoni vinadai kwamba mwaka 1922 Stern na Gerlach walithibitisha spini ya elektroni, na makala mbili za toleo hili zimelirudia dai hilo bila kulihoji. Nimezichapisha kwa kuwa zina mengi mema, ila dai lenyewe siwezi kulinyamazia. Spini ilipendekezwa na Uhlenbeck na Goudsmit mwaka 1925. Stern alikusudia kuijaribu nadharia ya atomi ya Bohr na Sommerfeld, kisha akahamia Rostock, na Walther Gerlach akabaki Frankfurt na kazi ngumu kuliko zote: kulinda ombwe ndani ya vyombo vya kioo, kuvukiza fedha katika tanuri la nyuzi joto 1,000 hivi, na kuuelekeza mwale wa atomi upite sawasawa kando ya ncha ya sumaku. Februari 1922 mwale ukagawanyika kuwa miwili na kuacha madoa mawili ya fedha kwenye kioo, pengo likiwa sehemu ndogo tu ya milimita. Gerlach alimtumia Bohr picha yake kwa kadi ya posta, akimpongeza kwa nadharia ambayo haikudumu hata miaka mitano zaidi.

Nadharia ilianguka, kipimo kikasimama. Anayesema Gerlach alithibitisha spini anamfanya shahidi wa kesi ambayo haijafunguliwa. Nitajibiwa kwamba madoa ya fedha kwenye kioo hayasemi lolote pasipo nadharia. Hata hivyo, fizikia ya zamani ilitarajia doa moja pana, na kushindwa kwake kulionekana wazi kabla sababu sahihi haijajulikana.

Wapo wanaotaka Gerlach asitajwe kabisa, kwa kuwa tangu 1944 aliongoza utafiti wa nyuklia wa utawala wa Wanazi, hadi akazuiliwa Farm Hall, Uingereza, mwaka 1945. Makala ndefu kuliko zote humu inalichambua jambo hilo, tena bila kumwonea. Dhamana hiyo ni yake na haifutiki. Lakini hata Stern, Myahudi aliyeondoka Hamburg mwaka 1933, alipopewa Nobeli ya 1943, maneno rasmi ya tuzo yalitaja miale ya molekuli na momenti ya sumaku ya protoni, si mgawanyiko wa 1922. Kosa la vitabu vyetu basi halikuanzia kwenye siasa za Gerlach. Limetokana na mazoea ya kuliweka jaribio nyuma ya nadharia, na mitaala yetu inaweza kuyaacha kwa kuanza na yale madoa mawili, spini ikafuata katika somo la baadaye.