Nani Kakwambia Nyumbu ni Tusi?

Leo nina neno moja tu linalonikera, nalo ni hili la kuitana nyumbu.

Hapa mjini ukimfuata mwenzako, nyumbu. Ukifeli mtihani, nyumbu. Ukipenda sana ndiyo kabisa, nyumbu namba moja! Wapo hata wachumba wanaoitana hivyo mbele za watu, wote wanacheka, kumbe mmoja wao anacheka kwa meno tu.

Juzijuzi nilikuwa Robanda, kijiji cha Waikoma wilayani Serengeti, mkoani Mara. Ni jirani kabisa na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Msimu ukifika, nyumbu hupita huko kwa maelfu. Nikapiga stori na kijana mmoja wa bodaboda, nikamuuliza maisha vipi.

"Aa, braza, mimi nyumbu tu," akanijibu. "Nafuata wenzangu."

Stori yenyewe ni hii. Kampenda binti wa Mugumu, na binti kampenda. Wazee wa binti wametaja ng'ombe wa mahari, na yeye hana hata ndama. Kule kijiweni washikaji wanamcheka kwamba mwanamume gani anashindwa ng'ombe. Sasa wanamvuta aende nao porini usiku wakatege nyaya, nyama iuzwe, hela ipatikane chapchap. Binti akamshauri wawaombe wazee mahari ilipwe kidogokidogo. Hataki, anaona aibu. Washikaji watasemaje?

Nikamwambia, mdogo wangu, wewe umekulia na nyumbu mlangoni, basi ngoja nikukumbushe habari zao.

Miaka ya 1890 uliingia Afrika Mashariki ugonjwa wa sotoka. Ukafyeka ng'ombe, ukafyeka nyati na nyumbu. Wafugaji walibaki na fimbo mkononi, hawana cha kuchunga. Baada ya hapo ugonjwa haukuondoka. Kwa miaka mingi uliendelea kuua nyumbu wachanga kabla hawajamaliza mwaka. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu wa Serengeti walikuwa kama 250,000 hivi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 walishafika kama 1,300,000! Wameongezeka mara tano, mbuga ni ile ile.

Unadhani nani aliwatibu? Hakuna nyumbu aliyekamatwa akapigwa sindano. Waliochanjwa ni ng'ombe wa wafugaji walio pembezoni mwa hifadhi. Ng'ombe wakapona, sotoka ikakosa pa kukaa, ndama wa nyumbu wakaanza kukua. Mvua za kiangazi nazo zikaja kunyesha vizuri, majani yakapatikana. Mwaka 2011 ikatangazwa kwamba sotoka imetokomezwa duniani kote.

Umenipata, msomaji? Miaka yote ile mtu angeweza kuwatazama nyumbu akasema hawa ni dhaifu, kuzaliana kwenyewe hawajui. Kumbe walikuwa wazima, ila kuna kitu jirani yao kilichokuwa kinawamaliza watoto wao kila mwaka.

Na wewe ndivyo ulivyo. Kila ukianzisha jambo linakufa likiwa changa. Umeanza kuuza mitumba, imekufa. Umeanza masomo ya jioni, yamekufa. Unajiangalia kwenye kioo unasema mimi sina lolote. Hebu acha kioo kwanza, tazama pembeni. Nani anakaa karibu na mambo yako? Ni rafiki anayekopa mtaji wako harudishi? Ni mpenzi ambaye ukimweleza ndoto yako anabinua mdomo? Ni kijiwe kinachokula saa nne zako kila siku? Hiyo ndiyo sotoka yako. Usijichome sindano wewe kwa kujilaumu usiku kucha. Shughulika na hicho kilicho jirani.

Lakini tusidanganyane. Sotoka ilipoondoka, nyumbu hawakulala wakisubiri majani yawafuate. Wanatembea mamia ya kilomita kila mwaka, wanavuka mto Grumeti na mto Mara wenye mamba, na wengine hawafiki. Kujiamini bila kutembea ni maneno ya kijiweni tu. Na usisahau kwamba nyumbu anafuata mvua na majani. Ukiwafuata wenzako kwenye majani una akili. Ukiwafuata kwenye nyaya, shauri yako.

Kuhusu mapenzi nako, nyumbu ni mwalimu. Ndama huzaliwa kwa wingi kila mwaka mnamo Februari, na katika kelele zote zile mama anamjua mwanawe kwa harufu na sauti. Wewe mwenzio anakujua? Au anajua simu yako na viatu vyako tu? Yule binti wa Mugumu anamjua kijana wake. Anajua hana ng'ombe, na bado anamtafutia njia. Mwenye mtu wa namna hiyo halafu akasikiliza kijiwe, huyo ndiye wa kuhurumiwa.

Kijana wangu alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Kwa hiyo braza, sotoka yangu ni wale jamaa?"

"Umesema mwenyewe," nikamjibu. "Mtume baba yako mdogo akazungumze na wakwe. Aibu ya kuomba utaisahau kesho. Ukikamatwa porini, huyo binti atakungoja mpaka lini?"

Akacheka, safari hii kwa moyo. Akasema baba mdogo ataenda Mugumu.

Basi, wiki hii mtu akikuita nyumbu, mwambie asante, halafu mtazame vizuri huyo aliyekuita. Inawezekana sotoka yenyewe ndiyo yeye. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.