Samaki wanakufa mmoja mmoja? Chunguza maji kabla ya kununua dawa

Asubuhi mtoto anakimbilia tangi la samaki sebuleni na kumkuta mmoja akielea, tumbo juu. Baada ya siku mbili wamekufa watatu. Maji yanaonekana safi, chakula wanapewa, na hakuna samaki mwenye kidonda. Mzazi anakwenda dukani, ananunua dawa pamoja na samaki wengine wa kuziba pengo. Wiki inayofuata nao wanakufa.

Hali hii huzikuta familia nyingi zinazofuga samaki wa mapambo wa aina tofauti katika tangi moja. Wengi huhisi ni ugonjwa, lakini mara nyingi tatizo huwa kwenye maji. Maji yanayong’aa si lazima yawe salama, kwa sababu sumu zinazoua samaki wengi wa nyumbani hazina rangi.

Mzazi anaweza kuanza uchunguzi kwa kuangalia jinsi vifo vilivyotokea.

Wamekufa wengi kwa pamoja

Samaki wa aina zote wakifa ndani ya saa chache, fikiria sumu au ukosefu wa hewa. Jiulize kama chumba kilipuliziwa dawa ya mbu au mende. Dawa nyingi za aina hiyo zina viambato vya kundi la pairethroidi, ambavyo ni sumu kali kwa samaki hata vikiwa kidogo. Pampu ya hewa huvuta hewa ya chumbani na kuiingiza kwenye maji. Siku ya kupulizia dawa, zima pampu, funika tangi vizuri, kisha fungua madirisha mpaka harufu iishe kabla ya kuiwasha tena.

Jiulize pia kama tangi lilijazwa maji ya bomba moja kwa moja. Klorini inayoua vijidudu kwenye maji yetu ya kunywa huunguza matamvua ya samaki. Maji yakikaa kwenye ndoo iliyo wazi kwa saa 24, klorini ya kawaida hupungua, lakini kloramini haitoki kwa njia hiyo. Dawa ya kuondoa klorini, inayouzwa kwenye maduka ya samaki wa mapambo, ni salama zaidi.

Umeme ukikatika usiku kucha, pampu na chujio husimama. Maji ya joto hubeba oksijeni kidogo, hivyo tangi lililojaa samaki huathirika haraka.

Wanakufa mmoja mmoja

Vifo vya polepole, hasa kwenye tangi jipya, mara nyingi husababishwa na amonia. Hutokana na kinyesi cha samaki na chakula kinachooza chini. Kwenye tangi lililokomaa, bakteria wazuri hugeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati, ambayo haina madhara makubwa ikiwa kidogo. Bakteria hao huchukua takribani wiki nne hadi sita kujijenga. Familia inayonunua tangi na samaki kumi siku moja huwa inawaweka samaki mahali ambapo hakuna wa kusafisha sumu yao.

Dalili zake ni samaki kuja juu kuhema, kubana mapezi na matamvua kuwa mekundu. Nunua vipimo vya maji, au peleka maji kwenye chupa safi dukani wanakopima. Amonia na nitriti zinatakiwa kusoma sifuri.

Kosa jingine ni kuosha kila kitu kwa siku moja. Sifongo ya chujio ikioshwa kwa maji ya bomba, bakteria wazuri hufa na tatizo huanza upya. Isuuze kwenye ndoo yenye maji yaliyotolewa kwenye tangi lenyewe.

Inakufa aina moja tu

Hapa angalia mchanganyiko wa samaki. Goldifishi hupenda maji ya baridi kidogo na huchafua sana, ilhali tetra hutaka maji ya joto. Mbuna wa Ziwa Nyasa wamezoea maji magumu yenye alkali, wakati neoni tetra wanatoka Amazon, kwenye maji laini yenye asidi. Isitoshe, mbuna ni wagomvi. Samaki mdogo akikutwa na mapezi yaliyochanika, au akitoweka kabisa, chunguza tangi usiku taa zikiwa zimezimwa.

La kufanya leo

Toa aliyekufa mara moja. Badilisha robo ya maji kwa maji yaliyoondolewa klorini na yenye joto linalolingana. Ongeza hewa na usiwape chakula kwa siku moja. Baada ya hapo, badilisha robo ya maji kila wiki. Dawa ina nafasi yake pale dalili za ugonjwa zinapoonekana, kwa mfano madoa meupe kama chembe za chumvi. Usimwage kwenye tangi antibiotiki iliyobaki nyumbani. Inaweza kuua bakteria wazuri na kuchangia usugu wa vimelea dhidi ya dawa.

Afya ya watoto

Maji ya tangi yanaweza kuwa na salmonela, bakteria wanaosababisha kuhara. Wapo pia wengine, Mycobacterium marinum, wanaoingia kupitia mchubuko na kuleta uvimbe au kidonda cha ngozi kisichopona haraka. Mtu mwenye kidonda cha namna hiyo amweleze daktari kwamba anafuga samaki. Vaa glavu kama una jeraha, usinyonye mpira wa kutolea maji kwa mdomo, na usioshee vifaa vya tangi kwenye sinki la jikoni. Watoto wa chini ya miaka mitano wasitie mikono kwenye tangi bila mkubwa, na kila mtu anawe kwa sabuni baada ya kuligusa.

Mtoto aliyepewa kazi ya kulisha anaweza kuamini kwamba yeye ndiye aliyewaua. Mweleze ukweli kwa lugha nyepesi kwamba maji yalikuwa na sumu isiyoonekana. Kisha mshirikishe kusoma vipimo na kuviandika kwenye daftari. Samaki mpya asinunuliwe mpaka amonia na nitriti zisome sifuri kwa wiki mfululizo.